Sura ya Nne: Chujio na Kipimo

Kikao cha wazazi kilikuwa kimefika kwenye "mengineyo", na baadhi yetu tulishaanza kuangalia saa. Mama mmoja aliyekaa dawati la nyuma akanyoosha mkono.

"Mwalimu mkuu, mimi nina watoto wawili hapa. Mkubwa yuko la sita, mdogo wake yuko la tano. Huko bombani tunaambiwa watamaliza shule pamoja. Ni kweli, au ni maneno tu?"

"Ni kweli, mama," mwalimu mkuu akajibu. "Wote wawili, mwaka kesho."

Minong'ono ikazagaa darasa zima. Baba mmoja akasimama bila kuomba ruhusa. "Sasa huyo mkubwa amekosa nini?"

Hakuna aliyecheka, kwa sababu wengi walikuwa na swali hilohilo moyoni. Mabadiliko ya mtaala huzungumzwa Dodoma kwa lugha ya sera, hufika shuleni kwa lugha ya waraka, kisha humfikia mzazi bombani, kwenye bodaboda na mlangoni mwa msikiti au kanisa, yakiwa yamekatikakatika njiani. Sura hii inajaribu kuviunga vipande hivyo. Tutaanza na hesabu ya miaka, maana ndiyo inayowaumiza watu vichwa, halafu tutaingia kwenye jambo kubwa zaidi: mtihani ulikuwa unafanya kazi gani katika nchi hii, na sasa unatakiwa ufanye kazi gani.

Hesabu ya miaka

Mwezi Aprili 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alilieleza Bunge kwamba serikali itaipitia upya sera ya elimu pamoja na mitaala. Kazi hiyo ilizaa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, na mitaala mipya iliyoandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, TET. Sera ilizinduliwa rasmi Dodoma mwanzoni mwa 2025, lakini mitaala ilikuwa imeshaingia darasani mwaka mmoja kabla.

Muundo mpya unaandikwa hivi: 1-6-4-2/3-3+. Yaani mwaka mmoja wa awali, miaka sita ya msingi, minne ya sekondari, kisha miwili ya kidato cha tano na sita, au hadi mitatu kwa anayesomea mafunzo ya amali, yaani ya ufundi, ya ngazi hiyo, halafu mitatu au zaidi ya elimu ya juu. Elimu ya lazima, iliyokuwa ikiishia darasa la saba, sasa ni miaka kumi: sita ya msingi na minne ya sekondari. Darasa la saba linaondoka. Kwa wenzetu wa Zanzibar, ambao elimu yao ya msingi inasimamiwa na serikali yao, miaka sita ya msingi si jambo geni. Kwa Bara, huu ni ukuta unaobomolewa.

Januari 2024 mtaala mpya ulianza katika elimu ya awali, darasa la kwanza na darasa la tatu, pamoja na kidato cha kwanza katika shule chache zilizochaguliwa kuanza mkondo wa amali. Hapo ndipo lilipo jibu la swali la yule mama. Mtoto aliyekuwa la tatu mwaka 2024 yumo ndani ya mtaala mpya, na atamaliza la sita mwaka 2027. Mtoto aliyekuwa la nne mwaka huohuo alibaki kwenye mtaala wa zamani, na atamaliza la saba mwaka huohuo wa 2027. Makundi mawili yanafika mlangoni siku moja, na Januari 2028 yote yanatakiwa kukaa kidato cha kwanza.

Kwa hiyo mkubwa hakukosa kitu, na hajarudishwa nyuma. Ndugu hawa wawili wamepanda magari mawili tofauti, na gari la nyuma lina safari fupi kwa mwaka mmoja. Mzazi anayetaka kujua mwanawe yuko gari lipi ajiulize swali moja: mwaka 2024 alikuwa darasa gani? Kama alikuwa la tatu au chini ya hapo, ni la sita na hakuna la saba. Kama alikuwa la nne au juu ya hapo, njia yake ni ileile ya zamani.

Kwa nini tulikuwa na chujio

Sasa tuingie ndani. Waliosoma kabla ya uhuru na miaka michache baada yake watakuambia juu ya mtihani wa darasa la nne, na kwa waliovuka, mtihani wa darasa la nane. Baadaye elimu ya msingi ikawa ya miaka saba na mtihani mkubwa ukahamia la saba. Majina yalibadilika, lakini kazi ya mtihani ikabaki ileile: kuamua nani aendelee. Shule za sekondari zilikuwa chache mno, na nafasi zake za kuhesabika. Watoto mia wakikaa kwenye mtihani na viti viko vichache, ni lazima uwepo mtihani wa kuwapunguza. Hilo ndilo ninaloliita chujio. Chujio halimuulizi mtoto anajua nini. Linauliza tu kama amempita mwenzake.

Mwalimu Nyerere aliliona tatizo hili mapema. Katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, la Machi 1967, alilalamika kwamba shule ya msingi imekuwa maandalizi ya wachache watakaoingia sekondari, ilhali walio wengi wanaishia hapo. Dawa aliyopendekeza ni kuifanya elimu ya msingi ikamilike yenyewe, ili anayeishia la saba aondoke na kitu cha kumfaa maishani. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likaenda mbali zaidi, likataka uzito wa mtihani wa mwisho upunguzwe, na mwaka 1976 maendeleo ya mwanafunzi ya kila siku yakaanza kuhesabiwa pamoja na mtihani huo. Mawazo yalikuwa mazuri, lakini viti vilibaki vichache. Chujio likaendelea na kazi yake.

Kilichobadilika kweli ni majengo. Mwaka 2004 ulianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, na shule za kata zikaota nchi nzima. Wengi wetu tulizibeza. Tuliona madarasa yasiyo na maabara, mwalimu mmoja akibeba masomo manne, watoto wakikaa juu ya matofali, na lawama hizo zilikuwa na ukweli. Lakini bila shule hizo tusingekuwa leo tunazungumzia miaka kumi ya lazima. Mwaka 2016 ada ikaondolewa hadi kidato cha nne, na baadaye hata kidato cha tano na sita. Mlango ukapanuka. Na mlango ukipanuka, chujio linapoteza sababu ya kuwapo.

Sera mpya inajibu swali la Nyerere kwa njia nyingine. Yeye alisema kwamba kwa kuwa wengi wanaishia la saba, la saba liwatosheleze. Sera inasema asiwepo wa kuishia hapo. Ikiwa sera inamtaka kila mtoto asome miaka kumi, upimaji wa mwisho wa darasa la sita hauwezi kuwa wa kumtoa mtu nje. Unatakiwa uwe kipimo, kama kile cha zahanati, kinachosema mtoto ana uzito gani, amepungukiwa nini, apewe nini. Hakuna mama anayefukuzwa kliniki kwa sababu mwanawe ana kilo chache. Anapewa ushauri, na anapangiwa siku ya kurudi.

Umahiri ni nini hasa

Neno utakalolisikia sana vikaoni ni "umahiri". Maana yake ni uwezo wa kukifanya kitu kwa ulichojifunza. Tuchukue Hisabati. Swali la zamani lilisema: tafuta eneo la mstatili wenye urefu wa sentimita 12 na upana wa sentimita 5. Mtoto akaandika 60, akapewa vema. Wengi wetu tuliandika hiyo 60, kisha tukakua tusiweze kumjua fundi anayetupunja vigae, maana hatujawahi kupima sakafu.

Somo la umahiri linawatoa watoto kwenda kwenye bustani ya mchicha wakiwa na kamba na rula. Wanapima, wanabishana kwa nini vipimo vyao vimetofautiana, wanakokotoa eneo, wanakadiria samadi ya kutosha matuta manne. Kanuni ni ileile ya urefu mara upana. Tofauti ni kwamba mtoto ameikuta kanuni ndani ya kazi, na mwalimu ameona kwa macho yake nani anaelewa na nani anamfuata mwenzake.

Lazima niseme ukweli hapa. Umahiri haukuletwa na mtaala huu. Mitaala yetu ilianza kuuzungumzia tangu mwaka 2005. Vitabu vilibadilika, semina zikafanyika, lakini darasani kukabaki vilevile. Sababu haikuwa ukaidi wa walimu. Mwalimu alijua mwisho wa mwaka kuna karatasi itakayomuuliza mtoto wake mambo ya kukariri, na kwamba yeye mwenyewe ataulizwa na mkuu wake, na afisa elimu, na wewe mzazi, kwa matokeo ya karatasi hiyo. Akafundisha karatasi. Mtaala hutembea kwa mwendo wa mtihani wake. Ukibadilisha vitabu bila kubadilisha mtihani, umebadilisha majalada.

Ndiyo maana upimaji ndio moyo wa mabadiliko haya, na ndiyo maana mzazi ataona mambo asiyoyazoea: mtoto kurudi na kazi mradi, kuombwa vifaa vya kutengenezea kitu, mwalimu kuweka kumbukumbu za kazi za mwaka mzima. Usichoke nayo. Na kazi ya mtoto usiifanye wewe. Nimeona kibuyu chirizi cha kunawia mikono kilichotengenezwa na seremala mtaani, mtoto akakipeleka shuleni na kupewa alama za juu. Pale uliopimwa ni mfuko wa baba yake. Kibuyu chirizi kilichopinda, alichokifunga mtoto mwenyewe kwa kamba na kijiti, kinamwambia mwalimu mengi zaidi.

Mikondo miwili

Uamuzi mzito zaidi sasa unakuja mwanzo wa sekondari. Kuna mkondo wa jumla, unaofanana na sekondari tuliyoizoea, ingawa nao umeongezewa somo la Biashara na somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Na kuna mkondo wa amali, ambao mwanafunzi anasoma baadhi ya masomo ya jumla huku akijifunza fani: umeme, uashi, useremala, ushonaji, upishi, kilimo na ufugaji, muziki, michezo na nyingine. Mpango ni kwamba anayemaliza amali aondoke na vyeti viwili, cha kidato cha nne na cha ufundi, na njia ya kuendelea mbele ibaki wazi kwake.

Nawasihi wazazi wenzangu jambo moja. Usimpeleke mtoto amali kama adhabu ya kutofaulu darasani, na usimzuie kwenda kwa kuogopa majirani watasemaje. Tumezoea kumwambia mtoto, "Usiposoma utakuwa fundi," kisha tunamtafuta fundi mjini kutwa nzima hatumpati, na tukimpata tunamlipa bila kubisha. Fundi umeme mzuri anahitaji Hisabati na Fizikia kuliko wengi wanaomdharau. Mtoto asiyeweza kukokotoa hataokolewa na karakana.

Kabla ya kuamua, nenda shuleni ukaone kwa macho. Karakana ipo, au kuna jengo lenye kibao tu? Mashine zinawashwa, au zimefunikwa turubai? Mwalimu wa fani yupo shuleni siku zote za wiki? Wanafunzi wangapi wanagawana kifaa kimoja? Watakwenda wapi kwa mazoezi ya vitendo, na nani atawasimamia? Cheti cha ufundi kitatolewa na nani? Mkuu wa shule mwenye majibu atafurahi kukuonyesha. Asiye nayo atakuambia njoo wiki ijayo. Na kama karakana haijakamilika, mkondo wa jumla katika shule yenye walimu ni bora kuliko amali ya kwenye makaratasi.

Kusoma matokeo bila hofu

Kwa mtoto aliyeko kwenye gari la zamani, alama zinasomwa kama mlivyozoea. Mtihani wa la saba una masomo sita, kila moja alama 50, jumla 300. Kidato cha nne hupangwa kwa madaraja kutokana na masomo saba aliyofanya vizuri zaidi: pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne, na 34 au 35 ni sifuri. Katikati ya safari kuna upimaji wa kitaifa wa darasa la nne na wa kidato cha pili. Huo ndio wakati wa kumsaidia mtoto, kuliko kusubiri mtihani wa mwisho ukamwambia kilichokuwa kinajulikana miaka miwili nyuma.

Wazazi wana haki ya kuwa na wasiwasi, kwa kuwa tumeshayumbishwa. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalikuwa mabaya kiasi kwamba zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Serikali ikayafuta, yakapangwa upya mwaka uliofuata. Matokeo ya mwaka 2014 yakatoka kwa mfumo wa wastani wa alama, GPA, na mapema 2016 madaraja yakarudishwa. Familia ambayo mtoto mmoja ana daraja na mwingine ana GPA imebaki na vyeti viwili visivyozungumza lugha moja. Mabadiliko ya safari hii yatastahili imani ya wazazi yakipewa muda, na yakielezwa mapema kwa maneno yanayoeleweka.

Kuna dalili moja njema. Tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani, NECTA, limeacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Magazeti yalikosa habari, na baadhi ya shule zilikosa tangazo la bure. Lakini orodha ile ilikuwa ngoma ya chujio. Ilitufundisha kumuuliza mtoto amekuwa wa ngapi, na ikatusahaulisha kumuuliza anaweza nini.

Pengo la kuangalia sasa hivi

Kuna jambo moja ambalo sijasikia likisemwa vya kutosha vikaoni, nalo linamhusu mtoto wa shule ya serikali aliye kundi la kwanza la mtaala mpya. Mtaala huu unaanza somo la Kiingereza darasa la kwanza. Lakini mtoto aliyekuwa la tatu mwaka 2024 alipita la kwanza na la pili chini ya mtaala wa zamani, wakati mkazo ulikuwa kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, na Kiingereza kilianza la tatu. Atafika kidato cha kwanza akiwa amesoma Kiingereza miaka minne. Mwenzake wa la saba atakuwa amekisoma miaka mitano. Nao watakaa darasa moja, wakifundishwa Baiolojia na Jiografia kwa Kiingereza.

Hili linarekebishika, lakini halitajirekebisha. Mwaka mmoja wa kusoma kitabu kidogo cha hadithi kila wiki, kwa sauti, mkubwa akimsikiliza mdogo, unaziba sehemu kubwa ya pengo. Yule mama mwenye wawili ana bahati hapo: mwalimu wa akiba anaye nyumbani. Na kwa kuwa mahitaji ya watoto wawili yatakuja Januari moja, yaani sare, madaftari, viatu, na pengine nauli, kuweka akiba kidogo kidogo kuanzia sasa ni bora kuliko kuuza mbuzi kwa bei ya kutupa wiki ya kufungua shule. Ada imeondolewa, ila mguu wa mtoto bado unahitaji kiatu.

Swali la mwisho la kikao

Nirudi kwenye kikao kile. Mwalimu mkuu alieleza vizuri, akachora miaka ubaoni, 2024 mpaka 2028, mistari miwili inayokutana. Wazazi wakaanza kutikisa vichwa kwa kuelewa. Ndipo yule mama akasimama tena.

"Nimeelewa, mwalimu. Wanangu wote wataenda kidato cha kwanza, hakuna wa kubaki. Sasa naomba kuuliza: sekondari yetu ya kata ina vyumba vingapi vya kidato cha kwanza?"

"Viwili," akajibu mwalimu mkuu.

"Na watoto wa la tano na la sita, hapa kwetu peke yake, ni wangapi?"

Mwalimu hakujibu mara moja. Alikuwa anahesabu, nasi tukawa tunahesabu naye. Katika swali lile mama alikuwa amekifikia kiini cha sura hii yote. Mtihani wetu ulikuwa chujio kwa sababu viti vilikuwa vichache. Januari 2028 makundi mawili yakifika mlango mmoja na kukuta viti vya kundi moja, chujio litarudi lenyewe bila kuitwa. Litakuja kama mtoto aliyepangiwa shule ya umbali wa kilomita kumi na mbili akaacha njiani, au kama darasa la watoto mia moja na arobaini ambamo mwalimu hawezi kupima chochote isipokuwa kelele. Sera nzuri inaweza kuangushwa na ukosefu wa matofali.

Kazi ya mzazi, basi, inavuka ukuta wa nyumba yake. Ukihudhuria mkutano wa kijiji au wa mtaa mwaka huu, uliza kuhusu vyumba, madawati, matundu ya vyoo na walimu wa Januari 2028. Uliza kwa idadi, na uombe majibu yaandikwe kwenye muhtasari. Kuuliza si ujinga.

Jioni ile hakuna aliyeangalia saa tena. Baba aliyeuliza mkubwa amekosa nini alihamisha dawati lake mbele. Mwalimu mkuu akafuta mistari yake miwili, akachora jedwali, akaanza na idadi ya watoto. Mtendaji wa kata, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, akatoa kalamu mfukoni na kuanza kunakili.